Sababu ya Safari

Ofisi ya Usafiri wa Mjini
Kitengo cha Mahitaji Maalumu
3 Februari

Kwa Mwombaji,

YAH: OMBI LAKO LA KUTUMIA BASI LENYE RAMPU

Tafadhali rejea barua yako ya mwezi uliopita. Ofisi imelipitia ombi lako kwa makini na inasikitika kukujulisha kuwa halikukubaliwa, kwa kuwa sababu ya safari uliyoiandika, yaani "kwenda kazini", haimo katika sababu zinazotambuliwa. Zinazotambuliwa ni matibabu, mazoezi ya viungo, na mazishi ya ndugu wa karibu.

Unakaribishwa kuomba upya pindi utakapokuwa na sababu.

Wako katika utumishi,
Karani wa Maombi


3 Februari, jioni

Shangazi,

Shikamoo. Kabla hujaichana ile barua nyingine iliyokuja pamoja na hii, nakuomba uvute pumzi. Ndiyo, nimeiandika mimi. Kila barua inayotoka hapa ni yangu, na kila moja husomwa na mkuu wa kitengo kabla haijafungwa. Siku yangu ya kwanza kazini alinisimamisha mbele ya meza yake akasema, "Hapa hakuna mjomba, hapa hakuna shangazi. Nikisikia undugu, unga umemwagika." Mimi sikuwa nimesema neno. Tangu siku hiyo nikiliona jina lako kwenye faili, nalifunika kwa mkono.

Niko kwenye muda wa majaribio mpaka mwisho wa Aprili. Ukiniandikia, usitumie posta ya ofisi wala simu; simu zetu tunaziacha mapokezi. Mpe mfagiaji wetu, yule jirani yako. Ndiye anayekuletea hii.

Basi lenyewe ni zuri, shangazi. Rampu, ule ubao wa kupandia, inashuka kwa kubonyeza kitufe, na ndani kuna mikanda ya kufungia viti vya magurudumu. Na linapita barabara ya kwenu kila asubuhi.

Nisamehe.

Mwanao


6 Februari

Komeo, mwanangu,

Marahaba. Bado nakuita Komeo. Mtoto aliyekuwa akitoka kitandani kwenda kukagua kama mlango umefungwa, halafu akarudi kukagua kama kweli alikagua, habadiliki kwa sababu amepewa meza na kiti cha kuzunguka.

Unaniambia mimi kwamba basi linapita? Mimi ndiye ninayelitazama! Nakaa hapa kibarazani nimeshavaa, nimeshachana nywele, mkoba mapajani, na basi lenu linapita jeupe kama jino, tupu, dereva anapiga mluzi. Juzi alinipungia mkono. Sikumpungia.

Sasa nikueleze, maana naona ofisi yenu haijui watu wenye viti wanakwenda wapi wakitoka nyumbani. Mabasi ya kawaida nimeyapanda miaka yote. Kondakta mmoja hunishika kwapa, mwingine miguu, na kiti hurushwa juu ya paa pamoja na magodoro ya watu. Mimi huwekwa pale penye nafasi. Mwezi uliopita waliniweka kwenye mfuniko wa injini, basi likaondoka, na kiti changu kikabaki kituoni. Nikaufikia mlango wa chuo nikiwa mikononi mwa mwanamume nisiyemjua aliyekuwa ananuka dizeli. Wanafunzi wangu walikuwa dirishani. Wale ninaowafokea wakikosea mshono, walinitazama nimebebwa kama gunia la mkaa. Siku hiyo niliapa. Sibebwi tena, Komeo. Na mtu yeyote.

Kwa hiyo napanda teksi nikimpata dereva mwenye buti kubwa la kuwekea kiti na roho kubwa, na nisipompata nachelewa. Mkuu wa chuo ni mwanamke mwungwana. Hakunifokea. Aliniita tu, akanimiminia maji, akasema, "Mwalimu, ushonaji wako sijaona mfano wake. Lakini ukinicheleweshea darasa hili mpaka mwisho wa muhula, nitatafuta mtu anayekaa karibu." Umesikia? Kazi ya kwanza maishani mwangu yenye darasa na ubao, baada ya kushona pazia za watu sebuleni tangu baba yako hajaoa.

Sababu ninayo. Iandike.

Shangazi yako


10 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Sikulala vizuri baada ya kusoma habari ya kiti kubaki kituoni.

Nilimwuliza mkuu, kwa njia ya mzunguko, kama tunaweza kuongeza neno "kazi" kwenye fomu. Nilisema ni swali la nadharia. Alicheka. "Kazi? Kijana, mtu mwenye uwezo wa kufanya kazi ana uwezo wa kupanda basi la kawaida." Akarudi kwenye chati zake. Huyu bwana anapenda chati, ukuta wake mzima ni michoro ya rangi. Sikuongeza neno.

Lakini nimefikiri jambo, na ninaliandika nikiwa nimefunga mlango. Chuo chako kiko nyuma ya hospitali kuu, sivyo? Kuna geti dogo karibu na chumba cha dobi, na ukivuka barabara unaingia chuoni. Basi letu linafika hospitali mapema kabisa, kabla ya vipindi vyako. Ukiandika "mazoezi ya viungo", ombi litapita mikononi mwangu na nitaligonga muhuri bila kupandisha macho.

Ni uongo, najua. Ni uongo mdogo. Ukishasoma, ichome barua hii.

Mwanao


24 Februari

Komeo,

Nimeichoma. Nilianza na ule mstari unaosema "ichome".

Sasa sikiliza. Nimepanda basi lenu wiki nzima, na nianze kwa kusema kwamba rampu ile ni kitu cha heshima. Nabonyezewa, inashuka, napanda kwa mikono yangu mwenyewe, hakuna anayenigusa. Siku ya kwanza machozi yalinilengalenga. Dereva akadhani naumwa. Bila shaka, maana mimi ni mgonjwa!

Mwanangu, hukuniambia kwamba dereva wenu hashushi mtu getini. Anamkabidhi. Ananifikisha mpaka mapokezi, anamwambia sista, "Mgonjwa wako huyu," na haondoki mpaka apate sahihi. Na jioni hanirudishi bila karatasi yenye muhuri wa hospitali kwamba nimehudumiwa. Kwa hiyo nahudumiwa! Kila asubuhi. Napimwa joto. Napimwa presha. Walinipima uzito nikiwa juu ya kiti, kiti chenyewe cha chuma, wakaniandika mnene kupita kiasi na kunipa karatasi ya kunishauri niache mafuta. Nikawaambia watoe kiti. Wakasema mashine haina sehemu ya kutoa kiti.

Kisha nageuza kiti kimyakimya, napita kwa dobi katikati ya mashuka, natoka geti dogo, na navuka barabara. Naingia darasani nikinuka dawa ya kuoshea vidonda.

Sista wa mapokezi amenishtukia. Jana jioni aliniuliza, "Leo unaumwa nini, mama?" Nikamwambia, "Leo naumwa kola. Kuna vijana wanazikata kombo." Alinitazama, akatazama chaki kwenye mkono wangu, akagonga muhuri. Ana akili kuliko kitengo chenu chote.

Lakini nawahi, Komeo. Sijachelewa hata siku moja. Mkuu wa chuo amenipa ufunguo wa stoo ya vitambaa.

Na sasa tuko wengi. Fundi saa wa mtaa wa pili, yule wa magongo, naye kajiandikisha mazoezi ya viungo. Duka lake liko sokoni, nyuma ya hospitali. Na binti anayejifunza kupiga picha, na wengine. Asubuhi tukishushwa pale mapokezi, ukituona tulivyo wazima utacheka.

Shangazi yako, mnene kupita kiasi


11 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Nimeharibu.

Niliona maombi ya "mazoezi ya viungo" yanaongezeka nikafurahi, nikagonga mihuri, nikajiona nina siri nzuri. Sikufikiri kwamba kuna mtu anayeyahesabu. Jana mkuu aliniita. Ukutani kulikuwa na chati mpya, na mstari wa hospitali umepanda mpaka karibu na dari. Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo. "Nilisema nini?" akaniambia. "Hawa watu ni wa hospitali. Walikuwa hawajui tu kama kuna basi."

Sasa anataka huduma iwafae wagonjwa. Amepiga simu hospitali akaambiwa kliniki ya viungo haifunguliwi mpaka jua liwe limeshapanda. Basi kwa nini, anasema, tuwatoe wagonjwa vitandani alfajiri wakakae kwenye mabenchi? Kuanzia muhula ujao wa ratiba, basi litatoka gereji wakati kliniki inafunguliwa. Utafika hospitali kipindi chako cha kwanza kikiwa kimekwisha, na cha pili kiko katikati.

Aliniambia niandike pendekezo. Nimeliandika mimi, shangazi. Limeandikwa vizuri sana. Kamati ya ratiba itakaa tarehe 27, ghorofa ya tatu, na wananchi wote wanakaribishwa.

Sijui nifanye nini.

Mwanao


14 Machi

Komeo,

Kwanza nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Halafu sikucheka tena.

Yaani tumejipanga wenyewe, tukavaa ugonjwa kama sare, tukampelekea huyo bwana ushahidi mlangoni kila asubuhi. Na mimi niliyekataa kubebwa na makondakta nimekubali kubebwa na uongo, kwa sababu ulikuwa na rampu. Sikulaumu peke yako. Nilijua na nikapanda.

Lakini sasa imetosha. Wananchi wote wanakaribishwa ghorofa ya tatu! Lifti mnayo? Usinijibu. Nimemwuliza mfagiaji wenu. Anasema mnayo, imejaa makabrasha tangu mwaka ule ilipoharibika, na mkienda kutafuta faili la zamani mnaingia ndani ya lifti. Nimekaa na hilo moyoni siku nzima. Ofisi ya watu wasioweza kupanda ngazi, juu ya ngazi.

Unajua sitapanda. Mnibebe? Mbele ya kamati, ili kila mtu aone hawa watu walivyo wa hospitali?

Kwa hiyo utasema wewe. Maneno ni haya, hayana ugumu: hao walio kwenye chati si wagonjwa. Ni mwalimu wa ushonaji, ni fundi saa, ni mwanafunzi. Walisema wanaumwa kwa kuwa fomu ilikataa wanaofanya kazi. Basi libaki na saa zake, na neno "kazi" liandikwe. Fundi saa na wenzetu wameafiki watajwe. Hakuna kingine. Unasema, unakaa.

Shangazi yako


19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimeyasoma maneno yako mara nyingi. Ni ya kweli yote.

Ila nakuomba unielewe. Nikisema kwamba si wagonjwa, ataniuliza nimejuaje. Nikisema nimejuaje, ataniuliza nani aliwagongea mihuri. Halafu ataniuliza wewe ni nani kwangu. Mama ananitegemea mimi kwa kodi ya nyumba. Nimesoma miaka yote ile ili nipate meza, na meza yenyewe haijawa yangu.

Labda baada ya Aprili, nikishathibitishwa, naweza kuandika dokezo la ndani. Dokezo huwa na nguvu. Unaweza pia kuleta maoni yako kwa maandishi, kuna sanduku la maoni pale.

Liko ghorofa ya pili. Nimelikumbuka sasa hivi.

Nisamehe.

Mwanao


21 Machi

Kwa Karani wa Maombi,
Ofisi ya Usafiri wa Mjini

YAH: KUKUONDOLEA USUMBUFU

Tafadhali rejea barua yako ya tarehe 19. Mwombaji ameipokea na kuielewa.

Mwombaji anatambua kuwa Karani yuko kwenye muda wa majaribio. Mwombaji naye yuko kwenye muda wa majaribio, tangu alipougua miguu akiwa mtoto mdogo, na bado anasubiri kuthibitishwa.

Ili Karani asipate taabu ya kujulikana, kuanzia leo barua zote zipitie posta ya ofisi, kwa taratibu zote. Mwombaji hatamtaja Karani popote na hatamwita kwa jina lolote la nyumbani.

Mwombaji


27 Machi, jioni

Shangazi,

Shikamoo. Najua ulisema barua zipitie posta. Hii nampa mfagiaji, na kama hutaki kuifungua nitaelewa. Lakini naomba uifungue.

Ile barua yako ilipita posta ya ofisi kweli. Mkuu aliisoma kabla yangu. Aliniletea mezani akasema, "Wewe na huyu mama mna nini?" Nikasema hatuna kitu. Nikaisoma. Mpaka leo sijaisoma mara ya pili, sihitaji. Naijua kwa moyo.

Leo nilipanda juu na daftari la kuandikia yaliyosemwa, kwa kuwa kazi yangu kwenye kikao ni kuandika, si kusema. Mkuu alitundika chati. Wanakamati walitikisa vichwa, wakasema huruma, huruma ni jambo jema. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akauliza kama kuna maoni ya wananchi. Hakukuwa na mwananchi hata mmoja. Alishika kalamu ili apitishe.

Nikanyoosha mkono. Sijui ulinyooka vipi. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda kujisaidia. Nikasema, "Hawa si wagonjwa."

Mkuu akasema, "Kijana, wewe andika."

Nikasema tena, na mara ya pili ilitoka kubwa mno, mlinzi akachungulia. Nikasema yote, shangazi, kwa mpangilio wako: mwalimu, fundi saa, mwanafunzi. Nikasema mihuri niligonga mimi, na wazo lilikuwa langu. Mkuu akaniuliza kwa upole, ule upole wake unaotisha, "Na mwalimu huyu ni nani kwako?"

"Ni shangazi yangu."

Akawageukia wanakamati, mikono wazi, kama mtu aliyeshinda kesi. "Nilimwambia siku ya kwanza. Hapa hakuna shangazi!"

Nikasema, "Ni kweli hayupo, mkuu. Lifti imejaa makabrasha."

Sikukusudia kuchekesha, shangazi. Lakini yule mwenyekiti alivua miwani, akainama, mabega yakawa yanacheka peke yake. Kisha akaacha kucheka. Akauliza lifti iko wapi. Akaenda mwenyewe kuifungua, na faili likamwangukia mguuni.

Uamuzi utakufikia kesho kwa barua rasmi. Sijui nitakuwa nani baada ya hapo. Nimekagua mlango mara moja tu.

Mwanao


Ofisi ya Usafiri wa Mjini
Kitengo cha Mahitaji Maalumu
28 Machi

Kwa Mwombaji,

YAH: UAMUZI WA KAMATI YA RATIBA

Ofisi inapenda kukujulisha kuwa kamati imeamua yafuatayo.

Basi lenye rampu litaendelea kutoka gereji asubuhi na mapema kama ilivyo sasa, na litashusha abiria kwenye geti la chuo na penye soko, pamoja na hospitali.

Neno "kazi" limeongezwa kwenye fomu, chini ya "mazishi". Kwa agizo la mkuu wa kitengo, mwombaji wa safari ya kazi atalazimika kuleta cheti cha daktari kinachothibitisha kuwa haumwi.

Ili kuzuia udanganyifu usijirudie, Karani wa Maombi ameondolewa ofisini na kupangiwa kazi ndani ya basi, ambako kuanzia Jumatatu atamwuliza kila abiria sababu ya safari yake kabla ya rampu kushushwa. Muda wake wa majaribio umeongezwa.

Nyongeza kwa mkono: mkuu wa kitengo ameisoma barua hii. Alipofika kwenye sahihi alishika kalamu nyekundu, akaifungua, akaifunga, akairudisha mfukoni.

Wako katika utumishi,
Karani wa Maombi, mwana wa kaka yako


30 Machi

Komeo,

Niliifungua. Ile ya tarehe 27 niliifungua kabla mfagiaji hajageuka kuondoka, akayasoma usoni mwangu yote yaliyomo, kwa hiyo mtaa mzima unajua.

Cheti ninacho. Unadhani nilipata taabu? Pale hospitali mimi ni mwenyeji. Sista alinisindikiza mwenyewe kwa daktari, akamwambia, "Mgonjwa wetu wa kila siku anataka kuandikiwa kwamba haumwi." Daktari akafungua faili langu, ambalo sasa ni nene kuliko mimi, akasoma joto, presha, joto, presha, akauliza, "Kwa nini ulikuwa unakuja?" Nikamwambia, "Kazini." Akaandika. Halafu, kwa kuwa presha ilikuwa imepanda kidogo kwa mara ya kwanza, akaniuliza nina nini kinachonisumbua nyumbani. Nikasema nina mtoto anayefanya kazi serikalini.

Nimekasirika nawe, ujue. Hasira zangu hazifutwi kwa kikao kimoja. Ile barua ya sanduku la maoni nimeitunza, na siku utakapooa nitaisoma mbele ya watu.

Umepoteza meza. Najua ulivyoitaka. Sitakuambia si kitu.

Sasa maagizo ya Jumatatu. Vaa lile shati jeupe nililokushonea, si yale ya dukani yenye kola iliyolala. Simama mlangoni mwa basi na karatasi zako. Usishuke kunisukuma, usinishike kiti, na usinipe shikamoo mpaka umemaliza kazi yako. Fanya kama walivyokuagiza. Majirani watakuwa vibarazani, dereva ataacha mluzi wake, na watu watakaokuwa wanasubiri basi la kawaida pale kituoni watageuka kutazama. Niulize sababu ya safari. Uniulize kwa ile sauti ya pili, iliyomfanya mlinzi achungulie. Jibu ninalo, na nimechoka kulinong'ona.

Kisha bonyeza kitufe.

Shangazi yako